Pima Kabla ya Kubadilisha: Vifaa vya Kupimia Umeme kwa Magari ya Zamani

Mada iliyoandaliwa kwa wamiliki wa magari ya zamani, mafundi wa jua kali na wanafunzi wa vituo vya mafunzo ya kiufundi katika Kaunti ya Taita Taveta



Kaunti yetu bado ina magari yaliyotengenezwa kabla ya wengi wa waliopo hapa kuzaliwa. Kuna Land Rover zinazopandisha mboga na kushusha watu kati ya Mwatate na Wundanyi, Peugeot 404 na 504 zilizowahi kuwa fahari ya safari za mbali, Datsun za vijana wa zamani, na Volkswagen zile za mgongo wa kobe. Mengine yametunzwa kama urithi wa babu. Mengine yangali kazini, na siku yakikwama, nyumba nzima inakwama nayo.

Magari haya yana heshima yake katika historia ya Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi yalikuwa kipimo cha gari gumu duniani. Mwaka wa 1962 Volkswagen ilishinda. Mwaka wa 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, yaliyomaliza yalikuwa 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka wa 1965 kwa Volvo, kisha mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tangu mwaka wa 2003 yako pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na vumbi jekundu la Taita na Tsavo linayajua vizuri magari hayo.

Lakini gari la zamani halishindwi na vumbi na mawe peke yake. Mara nyingi hushindwa na waya, tena waya mmoja tu ulioshika kutu mahali ambapo hakuna aliyeangalia. Ndiyo sababu mada ya leo ni vifaa vya kupimia umeme: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe dukani, na kila kimoja kitumiwe vipi.

Gharama ya kubahatisha

Tuanze na mfano. Ni wa kufikirika, lakini fundi yeyote aliyekaa gereji mwaka mmoja ataujua.

Mzee mmoja wa Mwatate ana Land Rover ya mwaka wa 1964. Asubuhi moja anapiga stata, injini inazunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Fundi anasema ni betri. Mzee anauza mbuzi, ananunua betri mpya. Gari linawaka siku nne, kisha uvivu unarudi. Fundi wa pili anasema ni stata. Inafunguliwa, inabadilishwa makaa, inarudishwa. Wiki mbili baadaye, uvivu ni uleule. Fundi wa tatu anasema betri ile ilikuwa bandia, inunuliwe nyingine. Mbuzi wa pili anakwenda.

Kisha jioni moja gari linagoma kabisa kati ya Bura na Maktau, giza linaingia, na barabara hiyo inapita jirani na mbuga. Zaidi ya nusu ya eneo la kaunti yetu ni mbuga za Tsavo, na ndovu hawasomi vibao vya barabarani. Mzee anakesha ndani ya gari, madirisha yamefungwa.

Betri tatu zimepita mikononi mwake, stata imefunguliwa, na hakuna fundi hata mmoja aliyepima. Tutamrudia mzee huyu baadaye, kwa sababu ugonjwa wa gari lake ulihitaji kipimo cha dakika kumi tu.

Lijue gari kabla ya kushika mita

Kifaa kizuri mikononi mwa mtu asiyejua gari lake kinaweza kuleta hasara. Kuna mambo manne ya kujua kwanza.

La kwanza ni volti za gari. Magari mengi ya zamani ni ya volti 12, lakini Volkswagen nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1967 ni za volti 6. Balbu, koili au betri ya volti 12 haina kazi huko, na mita ikionyesha volti 6.3 fundi asiseme betri imekufa nusu. Hiyo ni betri iliyojaa.

La pili ni upande wa athi, yaani upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Magari ya leo hufunga hasi kwenye bodi. Lakini magari mengi ya Uingereza yaliyotoka kabla ya miaka ya mwisho ya 1960, Land Rover zikiwemo, hufunga chanya kwenye bodi. Mtu akiweka betri kwa mazoea ya magari ya kisasa, redio inaweza kuungua na dainamo ikavurugika. Hatari kubwa zaidi huja wakati wa kuazimana moto wa betri. Gari la athi chanya likigusana bampa na gari la athi hasi huku nyaya za kuazimana zimeungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, betri hupata njia fupi kupitia bodi zenyewe. Cheche zake si za mchezo. Magari hayo yasigusane kamwe.

La tatu ni kama gari lina dainamo au altaneta. Dainamo ya Lucas aina ya C40, ambayo iko katika magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo, hutoa takriban ampea 22 ikiwa inazunguka vizuri, na injini ikiwa imepumzika karibu haitoi kitu. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikimulika kidogo gari likisimama kwenye foleni, huo si ugonjwa. Ndiyo tabia ya dainamo.

La nne ni fyuzi. Land Rover nyingi za miaka ya 1960 zina fyuzi mbili tu, na taa kubwa za mbele hazilindwi na fyuzi yoyote. Waya wa taa hizo ukichubuka na kugusa bodi, hakuna cha kukata umeme isipokuwa waya wenyewe kuungua. Na pale penye fyuzi, mara nyingi mtu ameshaifunga kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya. Huyo ameondoa mlinzi mlangoni na kuweka picha ya mlinzi.

Vifaa vya kununua

Sasa vifaa. Habari njema ni kwamba gari la zamani halihitaji kompyuta ya kusoma makosa. Halina mahali pa kuichomeka. Vifaa vinne au vitano vinatosha, na vyote huingia katika mfuko mmoja.

Cha kwanza ni taa ya kujaribia. Ni balbu ndogo ya volti 12 yenye waya na kibanio upande mmoja, na sindano upande mwingine. Fundi anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa balbu ya wati 5 na kishikio chake. Wengi huidharau kwa sababu ni ya bei rahisi, kumbe ina kipaji ambacho mita ya kidijitali haina. Mita hunyonya umeme kidogo sana hivi kwamba waya uliobakiwa na unyuzi mmoja bado huonyesha volti 12 kamili. Balbu ya wati 5 hunywa karibu ampea 0.4, kwa hiyo palipo na kutu nyingi itafifia au itakataa kuwaka. Mita husema kama umeme upo. Taa husema kama umeme huo unaweza kufanya kazi. Kila mmoja ana ushahidi wake, na fundi mwerevu husikiliza mashahidi wote wawili.

Onyo moja hapa. Ile bisibisi ya kupimia stima ya nyumbani, yenye kitaa chekundu ndani ya mpini, haifanyi kazi kwenye gari. Kitaa chake kinahitaji volti nyingi kuliko zile za betri. Fundi akiigusisha kwenye waya wa gari isiwake, halafu aseme waya hauna moto, amedanganywa na kifaa chake mwenyewe.

Cha pili ni mita ya kidijitali ya kupima volti, omu na ampea. Katika kuichagua, mnunuzi aangalie mambo haya. Tundu la ampea 10 liwe na fyuzi ndani. Mita nyingi za bei ya chini kabisa huandikwa kwamba tundu hilo halina fyuzi, na hizo ziachwe dukani. Nyaya zake ziwe laini, ndefu na zenye ncha imara, kwa sababu nyaya mbovu hutoa majibu mabovu. Namba zisomeke juani, maana gereji nyingi za Voi ziko chini ya mwarobaini wala hazina paa. Iwe na mlio wa kuonyesha kuwa waya haujakatika. Na kwa kuwa fundi huyohuyo ataitwa kesho kupima stima ya nyumba, achague mita iliyoandikwa CAT III kutoka kwa muuzaji anayeaminika. Betri ya gari humtisha mtu. Stima ya nyumbani humuua.

Mita ya mshale isitupwe. Mshale ukitikisika, jicho linaona mara moja kwamba volti zinapanda na kushuka, ilhali namba za kidijitali hurukaruka bila kueleweka. Ila kwenye gari la athi chanya, akiunganisha vibaya mshale hugonga nyuma. Mita ya kidijitali huonyesha tu alama ya kutoa.

Cha tatu ni haidromita, kile kibomba cha kioo chenye boya ndani cha kunyonya maji ya betri. Kinafaa kwa betri zenye vifuniko vya kufunguka. Kila chumba cha betri hupimwa peke yake. Kipimo cha takriban 1.265 hadi 1.280 ni betri iliyojaa, karibu 1.200 ni nusu, na 1.120 ni tupu. Vyumba vitano vikisoma 1.260 na kimoja kikasoma 1.150, betri hiyo ina chumba kilichokufa. Mita ya volti haiwezi kuonyesha ni chumba gani.

Cha nne ni mita ya koleo, ile inayobana waya bila kuukata na kusoma ampea. Ni ya hiari, lakini gereji yenye wateja wengi itaifurahia. Hapa kuna mtego: koleo nyingi za bei rahisi husoma stima ya nyumbani peke yake. Koleo ya gari lazima iweze kusoma umeme wa betri, wa mkondo mmoja. Mnunuzi aombe kuijaribu kwenye gari kabla ya kulipa.

Cha tano hakiuzwi popote. Ni daftari na kalamu. Kipimo kisichoandikwa husahaulika kabla mikono haijanawiwa.

Betri na chaji

Kazi yoyote ya umeme ianze kwenye betri. Gari liwe limezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na chini ya 12.0 ichajiwe kwanza kabla ya kipimo kingine chochote. Ncha za mita ziguse vichwa vya betri vyenyewe, si vibanio vya nyaya, kwa sababu kutu hupenda kukaa kati ya kichwa na kibanio.

Kisha stata ipigwe huku mita ikiangaliwa. Betri nzima haitashuka chini ya volti 10 hivi kwa sekunde chache za kupiga stata. Ili injini ya petroli isiwake wakati wa kipimo, waya mwembamba wa koili unatolewa. Gari liwe kwenye fri na breki ya mkono iwe imevutwa. Yako magari yaliyomkanyaga fundi wake kwa kusahau jambo hilo.

Baada ya hapo, chaji. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, mita kwenye betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12.4, betri haichajiwi. Ikipita 15.5, betri inapikwa, na katika joto la Voi maji yake yatakauka upesi.

Kwa gari la dainamo, kuna njia ya kujua kama kosa liko kwenye dainamo au kwenye regyuleta. Nyaya mbili za dainamo hutolewa, vichwa vyake viwili huunganishwa kwa kipande cha waya, na mita huwekwa kati ya kipande hicho na bodi. Injini iwashwe na kuongezwa kasi polepole. Volti zipande kwa haraka bila kuyumba, na fundi asiziache zifike 20 wala asiikanyage injini kuzilazimisha. Zikipanda vizuri, dainamo ni nzima na uchunguzi uhamie kwenye nyaya na regyuleta. Zisipopanda, dainamo ifunguliwe. Kipimo hicho kimoja huokoa dainamo nyingi nzima zinazotupwa.

Volti zinazopotea njiani

Sasa tufike kwenye kipimo chenye faida kuliko vyote, na ambacho mafundi wengi hawakitumii. Ni kutafuta volti zinazopotea njiani.

Umeme ni kama maji ya mfereji. Yakitoka milimani yakiwa mengi na kufika shambani yakiwa kidogo, mkulima hanunui chemchemi mpya. Anaufuata mfereji mpaka aone yanapovuja. Fundi naye hapaswi kununua betri mpya kabla ya kuufuata waya.

Wengi hujaribu kuufuata kwa kipimo cha omu, na hapo hukosea. Stata ya gari inaweza kunywa ampea 150 au zaidi. Kizuizi cha omu 0.02 tu, kikipitiwa na ampea 150, hupoteza volti 3. Na omu 0.02 haionekani kwenye mita ya kawaida, kwa sababu nyaya za mita yenyewe zina kizuizi kikubwa kuliko hicho. Mita italia, fundi atasema waya ni mzima, na gari halitawaka.

Njia sahihi ni kupima volti kazi ikiendelea. Ncha moja ya mita iwe kwenye kichwa cha betri cha upande wa athi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Stata ipigwe. Mita isome chini ya takriban volti 0.3. Kisha upande wa pili: kutoka kichwa kingine cha betri hadi kwenye nati kubwa ya stata. Hapo isizidi takriban volti 0.5. Kinachozidi ni volti zilizopotea, na zimepotea kati ya ncha mbili za mita.

Sasa turudi kwa mzee wa Mwatate. Fundi wa nne, kijana, anakuja na mita. Stata ikipigwa, betri inasoma volti 11.2. Hiyo pekee inasema betri haina kosa. Kwenye stata yenyewe zinafika volti 8.1. Volti 3.1 zimepotea. Upande wa waya mnene wa stata zimepotea 0.3, si mbaya. Upande wa athi zimepotea 2.8. Kijana anaugawa upande huo mara mbili: kutoka betri hadi chesi, 0.1, kutoka chesi hadi injini, 2.7. Sasa amebakiwa na kitu kimoja tu, ule mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha injini na chesi. Injini hukaa juu ya mipira, na mkanda huo ndio njia yake ya umeme.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana analala chini ya gari na kuukuta mkanda umeliwa na kutu na mafuta, umebakiwa na nyuzi chache. Anafunga mkanda mpya, anasugua chuma kwa msasa pande zote mbili, na injini inazunguka kama ilivyotoka kiwandani. Mbuzi wawili walikwenda kwa ajili ya mkanda wa urefu wa shubiri moja.

Na si mbuzi tu. Mkanda huo ukikatika kabisa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, mara nyingi kebo ya choki au ya mafuta. Kebo nyembamba ikipitiwa na ampea nyingi huwa nyekundu kama kaa la moto. Dereva akiona moshi kwenye kitasa cha choki anapopiga stata, aache mara moja. Hilo ni onyo la mwisho kabla ya moto.

Taa za barabara ya usiku

Kipimo hichohicho kinafaa kwa taa za mbele. Taa ikiwa imewashwa na injini inazunguka, ncha moja iwe kwenye betri na nyingine kwenye kichwa cha balbu. Kisha kipimo kirudiwe upande wa athi ya taa. Katika magari mengi ya zamani hupotea volti 1 au 2 kwenye swichi, viungo na athi zenye kutu.

Volti moja inaonekana ndogo. Lakini balbu ya kawaida ikipungukiwa na asilimia 10 ya volti zake, hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga. Katika barabara ya Voi kwenda Taveta usiku, theluthi moja ya mwanga ndiyo tofauti ya kumwona ndovu akiwa mbali na kumwona akiwa kwenye boneti. Mtu anunue msasa kabla ya kununua balbu kali. Balbu kali kwenye waya wa zamani huongeza joto tu.

Kwa magari ya Uingereza, rangi za nyaya za Lucas husaidia kujua pa kupima. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe hupata umeme swichi ikifunguliwa. Kijani hupita kwenye fyuzi baada ya swichi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo na za nyuma, nyeusi ni athi. Peugeot na magari ya Japani yana rangi zake, na baada ya miaka 50 ya mikono mbalimbali hata Land Rover inaweza kuwa na rangi za ajabu. Rangi imwongoze fundi, lakini mita ndiyo imhakikishie.

Gari linalozima likipata joto

Wakazi wa milimani wanalijua gari linalopanda kutoka Mwatate, likazima kwenye kona, likapumzika nusu saa, kisha likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Wengine husema petroli imechemka, na wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni koili au kondensa.

Siri ni kupima gari likiwa limezima na bado ni moto. Likishapoa, ugonjwa umejificha. Plagi ya ziada iunganishwe kwenye waya wa koili, ilazwe vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, na stata ipigwe. Cheche zikiwa hakuna, tatizo ni umeme na karubareta iachwe. Waya wa plagi usishikwe kwa mkono. Volti zake hufika maelfu.

Koili nyingi za volti 12 za magari hayo husoma takriban omu 3 kati ya vichwa vyake viwili vidogo. Zinazotumia kizuizi cha ziada husoma karibu 1.5, na kuchanganya aina hizo mbili huunguza pointi. Mwanya wa pointi za Lucas uwe karibu milimita 0.4. Kabla ya kulaumu koili, fundi afute pointi. Vumbi la Tsavo huingia kila mahali.

Mambo ya usalama

Mwisho, mambo ambayo hayana mjadala.

Anayefungua betri aanze na waya wa athi, awe chanya au hasi. Hapo spana ikigusa bodi hakutakuwa na cheche. Pete, saa na mkufu vivuliwe. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo sigara na cheche zikae mbali. Maji ya betri yakiruka machoni, macho yaoshwe kwa maji safi mengi na mtu afikishwe hospitalini bila kuchelewa.

Mita ikiwa kwenye tundu la ampea, isiguse vichwa viwili vya betri kamwe. Ampea hupimwa kwa kuikata njia na kuiweka mita katikati, na stata haipigwi mita ikiwa hapo. Kipimo kikiisha, waya mwekundu urudishwe kwenye tundu la volti papo hapo. Mita nyingi hufa kwa kosa hilo, na baadhi ya mafundi wameungua vidole kwa kosa hilo.

Kwa anayeshuku kwamba kuna kitu kinanyonya betri usiku, aanze na taa ya kujaribia. Waya mmoja wa betri utolewe na taa iwekwe kati ya waya huo na kichwa cha betri, kila kitu kikiwa kimezimwa. Gari la zamani lisilo na saa wala redio halipaswi kuiwasha taa hiyo. Ikiwaka, nyaya zitolewe moja moja mpaka izime. Waya wa mwisho kutolewa ndio mhalifu.

Kazi ya mafundi wa kesho

Chini ya Katiba, vituo vya mafunzo ya kiufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti. Kijana anayejifunza umeme wa magari katika kituo kama hicho anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi ya 3 hadi ya 1. Cheti kina thamani yake. Lakini cheti ambacho wateja husambaza wenyewe, kuanzia soko la Voi hadi Taveta, ni kusema: yule kijana hakuniuzia betri, alipima kwanza.

Magari ya zamani ni darasa zuri kwa kijana huyo. Nyaya zake zinaonekana, viungo vyake vinashikika, na kila kosa lina sababu inayoweza kufuatwa kwa mkono. Anayeweza kuzitafuta volti 2.7 zilizopotea chini ya Land Rover ya 1964 hatababaishwa na pikipiki ya umeme wala paneli ya jua, kwa sababu volti zinazopotea njiani hufuata kanuni ileile.

Wamiliki nao wana wajibu wao. Fundi akisema kitu fulani kimekufa, mwenye gari aulize kwa heshima: umepima wapi, na mita ilisoma ngapi? Kuuliza si ujinga. Fundi wa kweli hatakasirika. Atafungua daftari lake na kuonyesha namba.